Elimu kwa Mkazi: Jinsi Vituo vya Data Vinavyopunguza Gharama ya Stima

Mwenye kibanda cha mboga Silanga anapopokea malipo kwa simu, mfanyabiashara wa Kawangware anapolipia leseni bila kupanga foleni, na kijana anapoomba huduma kupitia eCitizen, kazi hiyo haifanyiki ndani ya simu. Simu hutuma ombi tu. Kazi yenyewe hufanywa na kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizopangwa kwenye makabati ndani ya jengo linaloitwa kituo cha data. Jengo hilo halilali. Hutumia stima saa 24 kila siku, na lazima mtu alipe bili: mteja kupitia ada anazotozwa, au mlipa ushuru kupitia bajeti ya serikali.

Somo hili linaeleza stima hiyo huenda wapi, jinsi programu ya kusimamia miundombinu ya kituo cha data inavyosaidia kupunguza hasara, na maswali ambayo mkazi anaweza kuuliza pale fedha za umma zinapotengewa mitambo ya aina hii. Linaonyesha pia jinsi kanuni hizo zinavyofaa katika chumba kidogo cha kompyuta mtaani.

Jinsi mitambo ilivyofika nyumbani

M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Malipo ya mtu wa Kibera kwa jirani yake wa mlango wa pili yalisafiri hadi Ulaya na kurudi. Ilikuwa Aprili 2015 ambapo Safaricom ilihamishia mitambo hiyo Kenya. Kabla ya hapo, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, na mwaka 2013 East Africa Data Centre ilikuwa imefungua milango Nairobi. Serikali ya kitaifa nayo ina Kituo cha Kitaifa cha Data katika jiji la Konza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza umuhimu wa kujua taarifa za Wakenya zimehifadhiwa wapi na nani anazilinda.

Mabadiliko hayo yana faida. Huduma huwa karibu, vijana hupata kazi za kitaalamu, na taarifa hulindwa chini ya sheria za nchi. Lakini mitambo ilipokuja nyumbani, ilikuja na bili yake ya stima, joto lake na hatari zake. Kwa hiyo swali la jinsi kituo cha data kinavyotumia umeme si la wahandisi peke yao tena.

Ulimwenguni kote mahitaji yanapanda. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linakadiria kwamba vituo vya data vilitumia takriban saa-terawati 415 za umeme mwaka 2024, sawa na asilimia 1.5 hivi ya umeme wote duniani. Hapa Kenya, Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo kikubwa cha data Olkaria, kilichokusudiwa kutumia umeme wa mvuke wa ardhini. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Hata hivyo, uniti inayopotea bure inabaki kuwa uniti iliyolipiwa, na ambayo ingefika kwenye zahanati, shule au nyumba.

Stima huenda wapi

Ndani ya kituo cha data, stima hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ndilo linalofanya kazi iliyokusudiwa: seva, diski za kuhifadhia taarifa na vifaa vya mtandao. Fungu la pili huhudumia fungu la kwanza: viyoyozi vya kuondoa joto, betri za akiba, transfoma na taa. Karibu stima yote inayoingia kwenye seva hutoka ikiwa joto, kama vile inavyotoka kwenye jiko la koili. Joto hilo lisipoondolewa, seva hujizima au huharibika. Ndiyo sababu kupoza hewa ndiko kunakokula sehemu kubwa ya fungu la pili.

Uwiano wa mafungu hayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho PUE, kilichoenezwa na shirika la The Green Grid kuanzia mwaka 2007 na kuingizwa katika viwango vya kimataifa vya ISO mwaka 2016. Hesabu yake ni rahisi. Chukua stima yote iliyoingia kwenye jengo, gawanya kwa stima iliyofika kwenye kompyuta. Jibu likiwa 1, stima yote imefanya kazi ya kompyuta. Likiwa 2, kila shilingi inayotumiwa na kompyuta inafuatwa na shilingi nyingine ya kupoza na kuhudumia. Uchunguzi wa Uptime Institute ulipata wastani wa 2.5 mwaka 2007. Miaka ya karibuni wastani huo umekuwa kati ya 1.5 na 1.6, na vituo vikubwa vya kampuni kama Google hufikia 1.1 hivi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kituo kina kompyuta zinazotumia kilowati 100 mfululizo. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo kompyuta hizo hutumia uniti 876,000. PUE ikiwa 2, jengo zima litatumia uniti 1,752,000. PUE ikishuka hadi 1.5, litatumia uniti 1,314,000. Tofauti ni uniti 438,000. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 20 kwa uniti, hizo ni shilingi 8,760,000 kwa mwaka mmoja, bila kuondoa huduma hata moja kwa mwananchi.

Programu ya usimamizi hufanya nini

Chumba kikubwa cha seva hakiwezi kusimamiwa kwa kumbukumbu ya kichwa. Mafundi hubadilika, seva huongezwa na nyingine husahaulika, na waya hupita chini ya sakafu ambako hakuna anayeziona. Programu ya kusimamia miundombinu ya kituo cha data hukusanya habari zote hizo mahali pamoja. Kazi zake kuu ni tano.

Kwanza, huweka daftari la mali. Kila seva huandikwa iko kabati gani, ngazi ya ngapi, imeunganishwa kwa waya upi, ilinunuliwa lini, inaendesha huduma gani na ni idara ipi inayoimiliki. Fundi mgeni akifika usiku wa manane, anajua pa kwenda.

Pili, hupima. Mita huwekwa kwenye lango la umeme, kwenye betri za akiba na kwenye kila kabati. Vihisi vya joto na unyevu huwekwa mbele na nyuma ya makabati. Vipimo huja kila dakika chache, si mara moja kwa mwezi bili inapofika.

Tatu, huonyesha ramani ya joto. Chumba kinaweza kuwa baridi upande mmoja na moto upande mwingine. Bila ramani, msimamizi hushusha joto la chumba kizima ili kuokoa kona moja. Akiona kona yenyewe, anaweza kuziba pengo kwenye kabati au kuhamisha seva mbili, na viyoyozi vikapumzika.

Nne, husaidia kupanga nafasi. Kibandiko kilicho nyuma ya seva hutaja umeme wa juu kabisa ambao mashine inaweza kuvuta, lakini matumizi ya kila siku mara nyingi huwa chini sana. Anayepanga kwa kibandiko huona chumba kimejaa na kuomba fedha za jengo jipya. Anayepanga kwa mita huona nafasi iliyokuwapo siku zote.

Tano, hupiga kengele. Betri inapoanza kuchoka, feni inapokufa au joto linapopanda, ujumbe huenda kwa fundi kabla huduma haijakatika.

Wakati mwingine kompyuta yenyewe huachiwa kurekebisha viyoyozi kulingana na vipimo hivyo. Mwaka 2016 Google ilitangaza kuwa mfumo wa akili unde uliotengenezwa na DeepMind ulipunguza umeme wa kupoza vituo vyake kwa asilimia hadi 40. Mafanikio hayo yalitegemea jambo moja: maelfu ya vihisi vilikuwa tayari vimekuwa vikirekodi vipimo kwa miaka. Mfumo haungeweza kujifunza kutoka kwa chumba kisichopimwa.

Seva zinazokula bila kufanya kazi

Hasara kubwa mara nyingi haiko kwenye viyoyozi. Iko kwenye seva ambazo hakuna anayezitumia. Mradi ulikwisha, ofisa akahamishwa, mfumo mpya ukaletwa, lakini mashine ya zamani ikaachwa inawaka kwa sababu kila mtu aliogopa kuizima. Mwaka 2015 utafiti wa Jonathan Koomey na Jon Taylor ulikadiria kwamba asilimia 30 hivi ya seva zilizochunguzwa hazikuwa zimefanya kazi yoyote ya maana kwa miezi sita au zaidi. Na seva isiyo na kazi haiachi kula. Mwaka 2007, Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walieleza kuwa seva za wakati huo zilivuta karibu nusu ya umeme wao wa juu hata zilipokuwa zimekaa bure.

Wakazi wa Silanga wana mfano wa jambo hili karibu na milango yao. Kwa Wakenya wengi, neno silanga lina maana ya lambo au bwawa, na kijiji hicho kinapakana na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji ya jiji. Bwawa hilo halikuharibika kwa siku moja. Tope, takataka na magugu maji viliingia kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, hadi nafasi ya maji ikachukuliwa na visivyo maji. Kituo cha data kisicho na daftari hujaa vivyo hivyo. Mitambo huingia, hakuna inayotoka, na mwishowe huonekana hakuna nafasi ilhali nafasi imekaliwa na mashine zisizo na kazi.

Hapa kuna tahadhari kuhusu kipimo cha PUE. Tuseme kompyuta zinavuta kilowati 100 na huduma za kupoza kilowati 60. Jumla ni 160 na PUE ni 1.6. Msimamizi anazima seva zisizotumika, kompyuta zinashuka hadi kilowati 80 na kupoza kunashuka hadi 55. Jumla sasa ni 135, na bili imepungua. Lakini 135 gawanya kwa 80 ni karibu 1.7. Kipimo kimeonekana kuwa kibaya zaidi ilhali hasara imepungua. Kwa hiyo ripoti nzuri haitaji PUE peke yake. Hutaja pia uniti zote zilizotumika na ni seva ngapi zinazofanya kazi kweli.

Hali ya hewa ya Nairobi ni mtaji

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi na usiku wake huwa na baridi. Hilo ni mtaji. Shirika la ASHRAE, ambalo miongozo yake hutumiwa na wahandisi wa viyoyozi duniani, linapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za selisiasi. Chumba cha seva hakihitaji kuwa friji. Kwa saa nyingi za mwaka, hewa ya nje ya Nairobi iko ndani ya kiwango hicho au chini yake, na inaweza kusaidia kupoza ikichujwa vumbi kwanza. Mombasa haina bahati hiyo: joto na unyevu wa pwani, pamoja na chumvi ya bahari, hulazimisha viyoyozi kufanya kazi zaidi.

Mwinuko una upande wake wa pili. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo hubeba joto kidogo zaidi kwa kila pumzi ya feni, na injini ya jenereta hupoteza sehemu ya nguvu zake. Jenereta iliyotosha kwenye karatasi za kiwanda inaweza kupungukiwa ikifungwa Nairobi. Programu ya usimamizi huonyesha ukweli huo kwa namba, kabla giza halijaingia.

Hatua za kawaida za kuokoa umeme si ghali. Makabati hupangwa yakitazamana ili hewa baridi iingie ujia mmoja na hewa moto itoke ujia mwingine. Mapengo kwenye makabati huzibwa kwa vibao. Matundu ya waya sakafuni huzibwa. Kisha joto la chumba hupandishwa nyuzi moja moja huku vihisi vikitazamwa. Kila hatua hupimwa kabla na baada, ili ijulikane kama imesaidia.

Hasara isiyoonekana kwenye bili

Kuokoa stima hakuna maana kama huduma itakatika. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikumbwa na giza. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya akiba iliyohudumia sehemu ya majengo ya abiria ilishindwa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Jenereta ilikuwapo. Lililokosekana usiku huo ni uhakika kwamba ingewaka. Ni jambo hilo hilo ambalo kituo cha data hutafuta kwenye majaribio ya kila mwezi: muda ambao jenereta huchukua kuwaka, kiasi cha mafuta, na dakika ambazo betri zinaweza kubeba mzigo. Programu huweka tarehe ya jaribio, hurekodi matokeo, na humkumbusha mhusika pale jaribio linaporukwa.

Mfano mwingine unatoka Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon wakati betri za lithiamu zilipokuwa zikihamishwa. Mamia ya huduma za serikali zilisimama. Mwanzoni ilitangazwa kuwa mifumo 647 ilikuwa imeathirika. Siku kadhaa baadaye, mfumo wa kusimamia mitambo ulipofufuliwa, ilibainika kuwa idadi ilikuwa 709. Daftari la kuhesabia lenyewe lilikuwa limezimika pamoja na vilivyomo. Funzo ni wazi: nakala ya daftari la mali ihifadhiwe mahali pengine, mbali na mitambo inayoorodheshwa ndani yake.

Programu haitoshi bila mazoea

Ununuzi wa programu pekee haupunguzi bili. Programu huonyesha, watu ndio huzima, huhamisha na huziba. Seva ikihamishwa leo na daftari likaachwa hadi mwezi ujao, ramani imeanza kudanganya. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayeiamini, na mafundi hurudi kwenye kubahatisha. Vituo vinavyofaulu huwa na kanuni moja kali: hakuna kifaa kinachoingia, kutoka au kuhama bila kuandikwa siku hiyo hiyo.

Si lazima kuanza na programu ya bei kubwa. Zipo programu huria zisizolipiwa leseni. NetBox, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya DigitalOcean mwaka 2016, huweka daftari la mitambo, makabati na anwani za mtandao. openDCIM hufanya kazi ya kupanga makabati na umeme. Zabbix hukusanya vipimo na kupiga kengele. Gharama kubwa hubaki kwenye mita, vihisi na muda wa wafanyakazi wa kuhesabu kila kilichopo kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ya kuhesabu huchosha, lakini ndipo mashine nyingi zilizosahaulika hugunduliwa.

Chumba kidogo, kanuni ile ile

Kibera ina mitambo yake pia. Taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wa kijamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya kijamii ya aina hiyo. Aidha, kuna saiba, maktaba, zahanati na shule zenye kompyuta chache na kisanduku cha intaneti kwenye kona. Hakuna anayeviita kituo cha data, lakini maswali ni yale yale: nini kimechomekwa, kinavuta kiasi gani, kinapata hewa vipi, na stima ikipotea itakuwaje.

Fikiria saiba yenye kompyuta sita za mezani zinazoachwa zikiwaka usiku kwa saa 10. Kila moja ikivuta wati 60, kwa usiku mmoja ni uniti 3.6, na kwa siku 30 ni uniti 108. Kwa bei ile ile ya kukadiria ya shilingi 20, hizo ni shilingi 2,160 za tokeni kila mwezi ambazo hazikumhudumia mteja hata mmoja.

Mwenye chumba kama hicho anaweza kufanya yafuatayo bila programu yoyote ya kununua:

1. Aandike kwenye daftari kila kifaa kilichochomekwa, kazi yake na tarehe ya kununuliwa. Kisichojulikana kazi yake kitolewe kwenye soketi na kifuatiliwe kwa wiki moja.
2. Anunue kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, akizungushe kwenye vifaa vyote na kuandika wati za kila kimoja.
3. Asome mita ya tokeni saa ya kufunga na saa ya kufungua. Tofauti hiyo ni stima iliyoliwa chumba kikiwa kitupu.
4. Asogeze kompyuta kutoka ukutani na kwenye bati linalopigwa na jua, asafishe vumbi kwenye feni, na aache njia ya hewa kuingia chini na kutoka juu. Kwenye nyumba ya mabati, joto la mchana hufupisha maisha ya vifaa hata pale stima ni nafuu.
5. Ajaribu betri ya akiba mara moja kwa mwezi kwa kuizimia umeme makusudi, kazi ikiwa haipo, na kuandika dakika ilizodumu.
6. Asiunganishe soketi juu ya soketi, wala asitumie waya usiojulikana umetoka wapi. Moto ukizuka kwenye nyumba zilizobanana, hasara haiishii kwa mwenye kompyuta.
7. Aweke nakala ya taarifa muhimu na ya daftari lenyewe nje ya chumba hicho.

Mkazi anaweza kuuliza nini

Huduma za kaunti zinavyoendelea kuhamia mtandaoni, bajeti ya seva, vituo vya data na kukodi nafasi kwa kampuni binafsi huwa sehemu ya mipango ya umma. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kushirikisha umma katika shughuli zake. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa taarifa kujibu ndani ya siku 21.

Kwenye kikao cha ushirikishaji umma, mkazi hahitaji kuwa mhandisi. Maswali haya yanatosha:

Je, kuna daftari la mitambo iliyopo, na lilihakikiwa mara ya mwisho lini? Kabla ya kununua seva mpya, ni seva ngapi za zamani zilizopatikana hazina kazi? Uniti ngapi za umeme zilitumika mwaka uliopita, na ngapi zilifika kwenye kompyuta? Jenereta na betri zilijaribiwa lini, na zilidumu kwa muda gani? Nakala za taarifa za wakazi ziko mahali pangapi? Mkandarasi akiondoka, nani atabaki na daftari hilo na nywila za programu?

Swali la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mkataba unaomwacha mkandarasi na ramani ya mitambo ya umma huwaacha wakazi wakilipia tena kujua walichokwisha kununua.

Maswali ya kurudia somo

1. Kituo kinatumia kilowati 90 kwa jumla, na kompyuta zake hutumia kilowati 60. PUE yake ni ngapi? (Jibu: 1.5.)
2. Kwa nini PUE inaweza kupanda ilhali bili ya stima imeshuka?
3. Taja sababu moja inayofanya Nairobi kufaa kwa vituo vya data, na moja inayotaka uangalifu.
4. Kwa nini nakala ya daftari la mitambo haipaswi kukaa kwenye chumba kimoja na mitambo hiyo?
5. Ndani ya wiki moja, soma mita ya nyumba au duka lako usiku na asubuhi. Ni kifaa gani kinachokula stima wakati hakuna anayekitumia?

Vikundi vya vijana, shule na wenye saiba wanaweza kujibu maswali haya pamoja. Swali la tano ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa halihitaji chochote zaidi ya kalamu na daftari.